Ndoo Mpya Haichemshi Maji

Mgeni anayefika Majimoto kwa mara ya kwanza hupenda kuuliza jina hili lilitoka wapi. Jibu ni jepesi. Ardhini hububujika chemchemi ya maji ya moto, na mji ukachukua jina la maji yake. Bibi zetu walipoteka maji walitumia mitungi ya udongo. Mama zetu wakatumia debe. Sisi tukaja na ndoo za plastiki na madumu. Vyombo vimebadilika, wala hapakuwa na aliyelalamika, maana dumu ni jepesi kuliko mtungi na halivunjiki likianguka. Lakini katika maisha yangu sijasikia mtu hata mmoja wa hapa akidai kwamba dumu ndilo liletalo joto. Kila mtoto ajua ya kuwa moto watoka chini.

Jambo hili lililo wazi kwa watoto limekuwa gumu kwa vijana wetu wa muziki, na nasikitika kusema kwamba limekuwa gumu hata kwa baadhi yetu watu wazima tunaoombwa kuwashauri. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kipo hapa kikundi cha vijana saba wanaopiga dansi katika harusi na sherehe za vijiji vya Bonde la Rukwa. Vyombo vyao ni magitaa matatu ya umeme, ngoma, kinanda, na mashine moja ndogo ya kielektroniki ambayo kazi yake ni kuigiza sauti za amplifaya za namna mbalimbali. Kwa kuwa lugha yetu haijakubaliana juu ya jina la mashine hiyo, naomba ruhusa ya msomaji niiite kiigizi. Baada ya mavuno ya mpunga vijana hao walichangishana fedha, kila mmoja akauza alichojaliwa, wakaazimia kukiuza kiigizi chao na kununua kingine cha kizazi kipya zaidi. Waliniita niwe mwenyekiti wa kikao chao, kwa sababu ya umri wangu na kwa sababu wamesikia kwamba naandika mashairi.

Niliwauliza maswali matatu. Kwanza, je, kiigizi mlicho nacho kimeharibika? Wakajibu kwamba hakijaharibika. Pili, katika sauti zote zilizomo ndani yake, zaidi ya mia moja, mmezitumia ngapi? Wakatazamana, kisha mmoja akakiri kwamba hutumia mbili tu, nazo kama zilivyotoka kiwandani. Tatu, sauti mnayoitafuta, ambayo kiigizi hiki hakina na hicho kipya kinayo, ni ipi? Hapo pakawa kimya. Mwisho mpiga solo, kijana hodari na mwenye adabu, akasema: "Ni sauti ya kisasa, Mzee."

Kura zikapigwa. Watano walitaka kununua, wawili hawakutaka. Mimi mwenyekiti sikuwa na kura, nami nilishindwa pamoja na wale wawili. Siandiki ili kulipiza kisasi cha kura hiyo. Fedha ni zao na jasho ni lao. Naandika kwa sababu jibu la kijana yule nimelisikia pia katika ofisi, katika shule na katika kumbi za harusi, na naliona kuwa ni ugonjwa wenye jina. Zamani tuliuita kasumba.

Kisasa ni jina la wakati, si jina la sauti. Mtu akisema anatafuta sauti nyororo, au kavu, au yenye mwangwi kama wa mtu aitaye bondeni, twaweza kumsaidia kuitafuta. Mtu akisema anatafuta sauti ya kisasa, amesema tu kwamba anataka alicho nacho mwingine aliye mbali. Na huyo aliye mbali akibadilisha mwakani, itambidi naye abadilishe. Huo si muziki tena. Ni kukimbiza kivuli cha mtu mwingine.

Yafaa tueleze kiigizi hufanya nini hasa, maana kitu kisichoeleweka hugeuka kuwa hirizi. Waya wa gitaa la umeme ukitikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa nyuzi za shaba, hutoa umeme mdogo sana. Zamani umeme huo ulipelekwa katika amplifaya yenye valvu za kioo, ukakuzwa, ukatoka katika spika. Lakini amplifaya hizo hazikukuza tu; kila moja ilikuwa na tabia yake. Moja iling'arisha, nyingine ilikwaruza ikizidishwa nguvu, nyingine ililainisha. Kiigizi huupokea umeme wa gitaa, huupima mara zipatazo 44,100 au 48,000 katika kila sekunde, hugeuza vipimo hivyo kuwa tarakimu, hufanya hesabu inayofuata tabia ya amplifaya fulani na sanduku fulani la spika, kisha hurudisha tarakimu kuwa sauti. Kwa ufupi, ni hesabu. Hakuna uchawi.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa kijisanduku chekundu kilichoitwa POD, na wapiga gitaa wengi duniani wakaonja uigizaji huo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2006 kampuni nyingine ya Marekani, Fractal Audio, ilitoa Axe-Fx; ya pili ikafuata mwaka 2011 na ya tatu mwaka 2018. Mwaka 2011 huohuo Wajerumani wa Kemper walitoa mashine iliyoweza kusikiliza amplifaya halisi iliyo mbele yake na kuinakili tabia yake. Mwaka 2021 Wafini wa Neural DSP wakaanza kusambaza Quad Cortex, ambayo hufanya kazi hiyo kwa kuifundisha kompyuta, nayo yauzwa zaidi ya dola 1,500 za Marekani. Mwanafunzi na apige hesabu mwenyewe hizo ni gunia ngapi za mpunga.

Sasa natuulize: ndani ya sanduku hizo wameigizwa nani? Ukizungusha vitufe utakutana na Fender ya California, utakutana na Vox na Marshall za Uingereza, mara nyingine kwa majina yaliyopindishwa kidogo kwa kuogopa sheria. Ndizo sauti za wapiga gitaa wa London na Los Angeles, nazo ni nzuri, wala sizidharau. Lakini gitaa la dansi la Tanzania halimo. Halikuachwa kwa chuki. Halimo kwa sababu hakuna aliyelipeleka, na wa kulipeleka tulikuwa sisi.

Sauti hiyo ilikuwapo. Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, nyumba yetu ilikuwa na redio ya betri, na jioni tulikusanyika kuisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam. Sisi watoto tulikuwa na mchezo wetu: gitaa likianza tu, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, tulishindana kuitaja bendi. Nasi tulipatia. Tulijua hawa ni JUWATA, hawa ni Mlimani Park, hawa ni Maquis, huyu ni marehemu Mbaraka Mwinshehe. Bendi kubwa zilikuwa na mitindo yake yenye majina: Msondo, Sikinde, Kamanyola, Saboso ya Western Jazz, Segere Matata ya Tabora Jazz. Mtoto wa mashambani, asiyewahi kufika Dar es Salaam, aliweza kuzitenganisha kwa sikio kama atenganishavyo sauti ya shangazi na ya mama.

Na bendi hizo zilikuwa na vyombo gani? Vyombo vilivyotoka ng'ambo, vilevile kama vya leo. Vingi havikuwa mali ya wapigaji. Vya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Bendi nyingine zilikuwa chini ya mashirika ya umma au matajiri. Mwanamuziki aliyehama bendi aliacha gitaa na amplifaya nyuma yake, akaondoka na mikono yake tu. Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka walipotoka JUWATA na kujiunga na Mlimani Park, vyombo walivyoviacha vilibaki mahali pake. Lakini msikilizaji alijua mara moja kwamba kitu fulani kimehama. Kama sauti ingekuwa ndani ya chombo, isingehama. Ilihama kwa sababu ilikuwa ndani ya watu, na katika namna walivyopangana: solo ikisema, solo ya pili ikiitikia, ridhimu ikishona katikati, besi ikibeba mzigo wote.

Hapa atainuka mtetezi wa mila na kusema: "Basi tuzitupe mashine hizi zote, turudi katika zeze na marimba." Simwungi mkono huyo. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya kuapishwa kuwa Rais, Mwalimu Nyerere alitangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akalalamika kwamba wengi wetu tulijifunza kucheza rumba na chachacha huku hatuzijui ngoma zetu wenyewe. Wako walioyasikia maneno hayo wakadhani kwamba kila kilichotoka nje ni haramu. Lakini katika hotuba hiyohiyo alisema pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine halina busara. Gitaa lenyewe lilitoka nje. Lilifika kwetu likiwa mgeni, likafundishwa lugha, likaoa, likazaa watoto. Leo nani atathubutu kusema kwamba gitaa la Mbaraka Mwinshehe si la Tanzania?

Wala uigaji wenyewe si aibu, mradi usiishie katika kuiga. Mwaka 1962 fundi na mwenye duka la ngoma na magitaa katika vitongoji vya London, Jim Marshall, pamoja na wenzake, walichukua amplifaya ya Kimarekani, Fender Bassman, wakaifuata karibu waya kwa waya. Walifanya hivyo kwa sababu za Marekani zilikuwa ghali. Lakini walitumia valvu na spika zilizopatikana kwao, wakawasikiliza wapiga gitaa waliokuja dukani wakidai ukali zaidi, wakarekebisha, wakarekebisha tena. Katika miaka michache kile kilichokuwa nakala kikawa sauti ambayo Wamarekani wenyewe waliivukia bahari kuja kuitafuta. Leo kila kiigizi kina sauti ya Marshall ndani yake. Jambo la kujifunza hapo ni hili: aliyeiga alijua wateja wake wanataka kusikia nini. Alikuwa na maji yake ya moto, akakosa ndoo tu.

Nisidhulumu. Kiigizi kina haki zake, nami nitazitaja. Amplifaya kubwa ya valvu yaweza kuzidi kilo 25. Quad Cortex haifiki kilo 2. Yeyote aliyewahi kusafirisha vyombo kwa pikipiki kutoka Majimoto kwenda vijiji vya bondeni wakati wa masika, tope likifika kwenye goti, hatamcheka kijana anayetaka mashine ya kutia mkobani. Valvu huvunjika njiani na hazipatikani Mpanda. Kiigizi hula umeme kidogo. Haya yote ni kweli. Lakini tazama, ndugu msomaji: kiigizi walichokuwa nacho vijana wetu kilikuwa na fadhila hizi zote tayari. Kilikuwa chepesi, kilikuwa kigumu, kilikula umeme kidogo. Walichokwenda kununua kwa fedha za mpunga ni tofauti kati ya kizazi na kizazi, na tofauti hiyo husikika zaidi pale gitaa linapokwaruzwa na kuungurumishwa, kwa maana ndipo hesabu huwa ngumu. Dansi letu halikwaruzi. Dansi letu lataka gitaa safi, linalometa, lenye mwangwi wa kiasi. Kazi hiyo hata viigizi vya zamani huifanya vizuri. Kwa hiyo walinunua ubora katika mahali ambapo hawapigi.

Basi, je, kizazi kipya hakina faida yoyote kwetu? Kinayo moja, nayo ni kubwa, na ndiyo iliyonikosesha usingizi kwa sababu katika kikao kile hakuna aliyeitaja, hata mimi, maana nilikuwa sijaijua. Ni ule uwezo wa kunakili. Mashine za sasa zaweza kuwekwa mbele ya amplifaya yoyote, zikaisikiliza kwa dakika chache, zikaihifadhi tabia yake. Tena si lazima ziwe za dola elfu. Ipo programu iitwayo Neural Amp Modeler, itolewayo bila malipo, ambayo hufanya kazi hiyo katika kompyuta ya kawaida: unapitisha sauti ya majaribio ndani ya amplifaya, unarekodi kinachotoka, na kompyuta inajifunza. Maana yake ni nini? Maana yake kwa mara ya kwanza mlango wa sanduku hilo uko wazi kutoka upande wetu. Sauti ya Tabora, ya Morogoro au ya Mpanda yaweza kuingia humo na kukaa pamoja na ya London.

Nilipolifahamu jambo hili nilimkumbuka mzee mmoja wa hapa wilayani ambaye ujanani alipiga ridhimu katika bendi, na ambaye kwa miaka mingi alihifadhi stooni mwake amplifaya ya valvu, imefunikwa kwa gunia. Nikamwendea. Nikamkuta anapalilia. Akaniambia kwa utulivu kwamba ile amplifaya aliiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, pamoja na majembe mabovu na fremu ya baiskeli. Ilipimwa kwa kilo. Nilipomwuliza ni lini, akataja majuma yaleyale ambayo vijana wetu walikuwa wakichangishana fedha.

Sikuweza kusema neno. Katika mji mmoja, katika mwezi mmoja, tulilipa fedha nyingi kuleta sauti za watu wa mbali katika hesabu mpya, na tuliuza sauti yetu kwa bei ya chuma. Wala hakuna mwenye hila aliyetudanganya. Mfanyabiashara wa mashine alifanya biashara yake, mnunuzi wa chakavu alifanya yake. Sisi ndio ambao hatukufanya yetu.

Amplifaya ile hairudi. Lakini mikono ya mzee ingali hai, na aliposhika gitaa la mjukuu wake, lililokosa waya mmoja, alinipigia ridhimu ambayo nilikuwa sijaisikia tangu siku za redio ya betri. Hilo ndilo la kulikimbilia sasa.

Kwa hiyo nasema kwa walimu, hasa wa shule za sekondari za mikoa kama yetu ya Katavi: msiwafundishe wanafunzi kuichukia mashine, wala msiwafundishe kuiabudu. Wafundisheni kuiuliza. Kabla ya kununua chombo kipya, kijana na ajiulize: cha zamani nimekimaliza? Nataka kusema nini ambacho hiki cha zamani kimeshindwa kukisema? Na hiki kipya kitabeba kitu gani changu, ambacho bila mimi hakitabebwa? Akiwa na majibu, na anunue, hata kama ni ghali, nami nitachangia. Akiwa hana, fedha hizo na zinunue waya za gitaa, ngozi ya ngoma, na nauli ya kwenda kumketia mzee chini ya mwembe. Shule yenye kompyuta moja na simu ya kurekodia yaweza kuanza kazi hii katika muhula mmoja: watafuteni waliopiga katika bendi za mkoa, rekodini magitaa yao, andikeni majina ya mitindo yao, na pale ilipobaki amplifaya nzima, inakilini kabla mnunuzi wa chakavu hajapita na mizani yake.

Na kwa mpiga solo wetu, ambaye najua atayasoma haya, nasema bila kinyongo: mashine yako ni nzuri. Nimeisikia katika harusi mbili. Lakini katika harusi zote mbili nilifumba macho na sikuweza kutaja bendi. Siku nitakapofumba macho na kutaja jina lenu kabla mwimbaji hajaanza, siku hiyo nitakiri mbele ya watu kwamba kura yenu ilikuwa halali. Mzee yule yuko shambani kwake, anakungoja, na mashine uliyonunua ina nafasi tupu za kutosha.

Namaliza kwa ubeti mmoja, maana ndiyo desturi yangu:

Ndoo mpya ninunue, sikatai abadani,
Bali kwanza nitambue, maji yake ni ya nani,
Moto wake niujue, uwakao kisimani,
Ndoo haina thamani, ikiwa tupu ya maji.